MBWA WA ULINZI HAPIMWI KWA KILO



Mtu akishuka teksi pale Kibuye, akapanda kilima cha Makindye kwa miguu, kisha akateremkia upande wa Lukuli na Buziga mpaka Munyonyo kwenye ziwa, atakutana na maneno mawili kwenye mageti mengi: MBWA KALI. Hata katika mitaa ambayo watu wake husema Kiganda nyumbani na Kiingereza ofisini, onyo hilo huandikwa kwa Kiswahili. Utaliona kwenye majumba ya ghorofa, utaliona kwenye maghala, utaliona kwenye karakana na viwanda.

Onyo humtaja mbwa. Mtu anayeshika mnyororo hatajwi. Lakini mtu huyo yupo, naye ni mfanyakazi kama wewe unayeshona magunia au kuchuma chai. Huingia kazini jua likizama, hutembea ukutani usiku kucha na mnyama mwenye nguvu kuliko yeye, na asubuhi hupanda pikapu pamoja na mbwa wake kurudi mabandani.

Kwa askari huyo mbwa ni chombo cha kazi, sawa na mashine kwa mtu wa kiwandani na panga kwa mkata miwa. Chombo kibovu humuumiza anayekitumia kabla ya kumuumiza mtu mwingine. Ndiyo sababu tumeona yafaa ukurasa huu ueleze habari za mbwa wa ulinzi: ukubwa wake, jinsi anavyokua, na umri unaofaa kumtia kazini. Katika mikutano yetu na askari wa upande wa Makindye maswali mawili hurudi kila mara. La kwanza, je, mbwa mkubwa zaidi ndiye mlinzi bora zaidi? La pili, mbwa aanze kazi akiwa na miezi mingapi? Tutayajibu yote mawili, kisha tutasema yanavyohusu mshahara na usalama wetu.

UKUBWA WENYEWE NI UPI

Siku hizi kila muuzaji wa mbwa husifu kilo. Utamsikia akisema, "Huyu baba yake alikuwa na kilo 70!" Mnunuzi hutoa fedha akidhani amenunua ulinzi. Basi yafaa tujue vipimo vyenyewe. Kuna shirikisho la kimataifa la vyama vya wafuga mbwa, FCI, lililoundwa mwaka 1911 huko Ulaya. Shirikisho hili hutangaza vipimo vya aina za mbwa linazozitambua, na urefu hupimwa kutoka ardhini mpaka begani.

Mbwa mchungaji wa Kijerumani, ambaye wengi wetu tunamwita Shepadi, dume lake ni sentimita 60 hadi 65 na kilo 30 hadi 40. Jike ni sentimita 55 hadi 60 na kilo 22 hadi 32. Rottweiler dume ni sentimita 61 hadi 68, na uzito wa kilo 50 hivi. Jike kilo 42 hivi. Dobermann dume ni sentimita 68 hadi 72 na kilo 40 hadi 45. Malinois wa Ubelgiji, dume ni karibu sentimita 62 na kilo 25 hadi 30 tu. Jike kilo 20 hadi 25. Yuko pia Boerboel wa Afrika Kusini, mbwa wa mashamba ya Makaburu, ambaye huweza kupita kilo 60.

Msomaji atazame namba hizo vizuri. Shepadi dume wa kilo 55 anayesifiwa barabarani amepita kipimo cha watu wanaomjua Shepadi kwa kilo 15. Ama si Shepadi mtupu, ama amenenepeshwa.

Tukitazama asili ya mbwa hawa tutaona kwamba wote walitoka kwenye kazi. Shepadi alianza kuandikwa rasmi Ujerumani mwaka 1899 na mtu aitwaye Max von Stephanitz, aliyetaka mbwa wa kutembea na kondoo kutwa nzima bila kuchoka. Rottweiler amepewa jina la mji wa Rottweil, ambako wachinjaji walimtumia kuswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni. Dobermann alizalishwa na mtoza kodi wa mji wa Apolda, aliyetaka mbwa wa kumlinda njiani, na kila aliyewahi kulipa kodi ataelewa kwa nini. Malinois alikuwa mchunga kondoo kule Mechelen. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyezalishwa ili apande juu ya mizani. Walichaguliwa kwa miguu, pumzi, pua na utii.

Na leo je? Majeshi na polisi wa nchi nyingi, ambao wana fedha za kununua mbwa yeyote wamtakaye, wamemwelekea Malinois, yule mwepesi kuliko wote tuliowataja. Mwaka 2011 askari wa Marekani walipovamia nyumba ya Osama bin Laden huko Pakistan walikuwa na mbwa mmoja, Malinois aitwaye Cairo. Hapa kwetu Polisi ya Uganda ina kikosi chake cha mbwa, na sifa kubwa ya mbwa hao kwa wananchi ni kufuata nyayo za mwizi tangu dirisha lililovunjwa mpaka mlango wa mshukiwa. Hiyo ni kazi ya pua. Pua haina kilo.

Mbwa wa kilo 30 anayekuja kwa kasi anatosha kabisa kumwangusha mtu mzima. Mbwa wa kilo 60 anaweza kumwangusha pia, lakini huchelewa kufika, huchoka mapema, na akiuvuta mnyororo ghafla humwangusha kwanza askari wake mwenyewe. Askari wetu wengi wana uzito wa kilo 60 hivi. Kumpa mtu huyo mnyama wa uzito kama wake, usiku, kwenye utelezi wa mvua, ni kumtafutia kuvunjika mkono. Wazee walisema kweli kwamba ukubwa wa pua si wingi wa kamasi.

Wala tusimdharau mbwa wa kienyeji. Ni mdogo, lakini masikio yake hayalali, amezoea magonjwa na chakula cha kwetu, naye hubweka mgeni angali mbali. Mwizi akisikia kubweka akageuka, kazi ya ulinzi imekwisha fanyika na hakuna mtu aliyeumia. Askari wa siku nyingi wanalijua jambo hilo.

MBWA ANAVYOKUA

Sasa tuje kwenye umri. Hapa ndipo madhara mengi yanapoanzia, kwa sababu mbwa hudanganya macho.

Mtoto wa Shepadi huzaliwa akiwa na nusu kilo hivi. Akifika miezi 2 huwa na kilo 7 hadi 9. Miezi 4, dume hufika kilo 16 na zaidi. Miezi 6, hukaribia kilo 25. Akitimiza mwaka mmoja huwa na kilo 30 na zaidi. Maana yake, katika mwaka mmoja amejizidisha mara 60. Mtoto wa binadamu huzaliwa na kilo 3 hivi, na akitimiza mwaka huwa na kilo 9 au 10, yaani mara tatu tu. Fikirini mifupa ya mnyama huyo ina kazi gani katika miezi hiyo michache.

Mfupa hurefuka karibu na ncha zake, mahali penye gegedu laini. Gegedu hilo hugeuka mfupa mgumu polepole, na likiisha kugeuka lote, mbwa hawezi kurefuka tena. Kwa mbwa wengi jambo hilo humalizika kati ya miezi 9 na 12. Kwa mbwa wa aina kubwa sana huchukua miezi 15, 18, au hata zaidi. Kabla ya hapo ncha za mifupa ni kama saruji ambayo haijakauka. Fundi wa nyumba hawezi kupandisha tofali juu ya zege la jana. Vivyo hivyo mbwa wa miezi 7 hafai kuruka kuta, kuruka kutoka juu ya pikapu, wala kutembezwa kwenye lami usiku kucha.

Kukua kwa mbwa kwenda hatua kwa hatua. Kwanza hurefuka. Karibu na mwezi wa 10 au 12 Shepadi huwa amekwisha pata kimo chake, na mtu asiyejua husema, "Huyu ni mkubwa tayari." Baada ya hapo hujaza kifua na misuli, na hatua hiyo huendelea mpaka miaka 2, na kwa aina kubwa miaka 3. Akili nayo huja taratibu: mbwa wa aina hizi hutulia na kuwa mtu mzima kati ya miezi 18 na 24. Kabla ya hapo ni kijana mwenye mwili wa baba na moyo wa mtoto. Ukimweka peke yake gizani penye fujo, ama ataogopa na kukimbia, ama ataogopa na kumng'ata yeyote aliye karibu. Aliye karibu ni askari wake.

Kwa hiyo basi, jibu la swali la pili ni hili. Mafunzo yaanze mapema, tangu miezi 2 au 3: kuitwa jina, kuvaa ukosi, kuzoea watu, magari na kelele. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mbwa vilevile. Lakini lindo lenyewe, la zamu nzima na la kupambana na mtu, lisubiri mpaka mwaka mmoja na nusu, na kwa aina kubwa kama Rottweiler na Boerboel lisubiri hata miaka 2.

Askari anayekabidhiwa mbwa bila karatasi atajuaje umri wake? Amfungue mdomo. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto, madogo na makali kama sindano. Huanza kung'oka kwenye mwezi wa 4, na kufikia mwezi wa 7 meno ya ukubwani, 42, huwa yametoka yote. Mbwa mwenye meno ya utoto hata mawili bado ni mtoto, haidhuru ana kilo ngapi. Na mbwa mwenye meno yote 42, meupe kabisa yasiyolika ncha, huenda ana miezi 8 tu. Meno yakamilikapo, mifupa bado.

CHAKULA NA KUNENEPESHA

Wako wenye mbwa wanaotaka mtoto wa mbwa akue upesi, basi humjaza chakula na kumwongezea unga wa mifupa ili "apate mifupa minene". Jambo hilo limechunguzwa na wataalamu kwa miaka mingi. Mwaka 1974 watafiti wa chuo kikuu cha Cornell, Marekani, walitangaza uchunguzi wa watoto wa mbwa wa aina ya Great Dane, mbwa warefu sana. Baadhi waliachiwa kula wapendavyo, na wenzao wakapewa theluthi mbili ya chakula hicho. Waliokula bila kipimo walikua upesi zaidi, nao ndio walioharibika mifupa na viungo. Mwaka 1985 wataalamu wa Utrecht, Uholanzi, walionyesha kwamba watoto wa mbwa hao wakizidishiwa chokaa ya mifupa katika chakula, mwili wao mchanga hauwezi kuikataa, na mifupa hukua kombo.

Uchunguzi mwingine, uliotangazwa mwaka 2002, ulifuata mbwa 48 aina ya Labrador maisha yao yote. Nusu yao walilishwa robo pungufu kuliko ndugu zao. Waliokula kwa kiasi waliishi karibu miaka 2 zaidi, na viungo vyao vilichelewa kuuma. Mbwa mwembamba kiasi huweza kufanya kazi miaka mingi kuliko mnene.

Kosa la pili ni kinyume chake: mbwa wa kampuni kulishwa posho tupu. Posho humshibisha mbwa lakini haimjengi. Mbwa anayekua anahitaji nyama, matumbo, mayai au mukene pamoja na posho yake. Njia rahisi ya kupima ni mkono wako. Pitisha vidole ubavuni. Ukizihisi mbavu bila kukandamiza, na kiuno kikionekana ukimtazama kwa juu, mbwa yuko sawa. Ukizitafuta mbavu usizipate, amenenepa. Ukiziona kutoka ng'ambo ya barabara, ana njaa, na mbwa mwenye njaa haaminiki.

JOTO NA TUMBO

Mambo mawili zaidi huwapata mbwa wakubwa kuliko wadogo, na askari hana budi kuyajua.

La kwanza ni joto. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza kwa kuhema. Sufuria kubwa ya posho hupoa polepole kuliko bakuli, na mwili mkubwa wa mbwa ni hivyo hivyo. Mbwa mzito akifungiwa mchana kwenye banda la mabati lisilo na kivuli, au kwenye pikapu iliyofunikwa, anaweza kufa kabla zamu haijaanza. Maji na kivuli visikose.

La pili ni tumbo kujipinda. Mbwa wenye vifua virefu, kama Shepadi, Dobermann na Great Dane, wakila chakula kingi kwa mara moja kisha wakakimbizwa, tumbo hujaa hewa na kujipinda. Dalili zake ni tumbo kuvimba na kuwa gumu kama ngoma, na mbwa kutaka kutapika bila kitu kutoka. Hapo hakuna dawa ya bandani. Ni daktari wa mifugo saa ile ile, maana hufa kwa saa chache. Kinga yake ni kumlisha mara mbili kwa siku badala ya moja, na kumpumzisha saa moja au zaidi baada ya kula kabla ya kutoka.

SHAURI LA MBWA ALIYECHECHEMEA

Tueleze sasa shauri moja tulilolishughulikia, ili wanachama waone mambo haya yanavyogusa mfuko wa mtu. Mahali hatupataji.

Kampuni moja ya ulinzi ilinunua watoto wa mbwa kwa sababu walikuwa wakubwa kuliko umri wao. Walipofika miezi 8 walitiwa kwenye malindo, zamu ya saa 12. Kila jioni waliruka juu ya pikapu, kila asubuhi waliruka chini. Baada ya miezi michache mmoja wao alianza kuchechemea mguu wa nyuma, akawa anakimbia kama sungura, miguu miwili ya nyuma kwa pamoja, na kunyanyuka kwake asubuhi kukawa kwa taabu. Msimamizi alimwita askari aliyekuwa na mbwa huyo akamwambia, "Wewe umempiga. Gharama zitatoka kwenye mshahara wako."

Askari alitujia akasema, "Ndugu katibu, mbwa huyu nimemlea mimi. Chakula changu nimekula naye. Ningempiga vipi?"

Tulidai jambo moja tu: mbwa apigwe picha ya eksirei kabla mtu hajakatwa hata shilingi. Picha ilipotoka, daktari alionyesha kwamba hapakuwa na mfupa uliovunjika wala alama ya kipigo. Kikombe cha nyonga kilikuwa kifupi na kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa kinachezacheza ndani yake. Huo ni ugonjwa wa nyonga kulegea. Mbwa huurithi kwa wazazi wake, na kunenepeshwa na kurushwarushwa angali mchanga humzidishia. Aina kubwa ndizo zinazopatwa zaidi. Kule Marekani iko ofisi, iliyoanzishwa mwaka 1966, inayokagua picha za nyonga za mbwa, nayo haitoi cheti cha kudumu mpaka mbwa atimize miezi 24. Kwa hiyo mwenye kununua mbwa wa kazi anaweza kabisa kudai picha za wazazi wake. Mwenye kampuni hakuulizia picha, aliulizia kilo.

Makato yalifutwa. Mbwa alitolewa kazini akiwa hajatimiza miaka 2, na fedha ya mwenye kampuni ikapotea. Tunalieleza shauri hili kwa kuwa linaonyesha njia ya haraka ilivyoleta hasara pande zote: mwajiri, mnyama na mfanyakazi. Lakini ni mfanyakazi peke yake aliyetakiwa ailipe.

AKIKUUMA

Mbwa aliyetiwa kazini mchanga na mwoga huuma ovyo, na wanaoumwa ni askari wenzetu, wafagiaji, wapishi, na wafanyakazi wa viwanda wanaopita alfajiri kwenda zamu. Hapo lipo jambo kubwa kuliko kidonda, nalo ni kichaa cha mbwa. Duniani kote karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo waliupata kwa mbwa, nao dalili zikiisha kutokea haina tiba. Lakini kabla ya dalili inazuilika kabisa.

Ukiumwa au ukikwaruzwa, osha jeraha palepale kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, dakika 15 kamili kwa saa. Usipake majivu, mafuta wala dawa ya miti. Nenda hospitali siku hiyo hiyo upate chanjo, na urudi kila tarehe uliyoandikiwa mpaka umalize. Usikubali kuambiwa, "Mbwa huyu ni wa kampuni, hana ugonjwa," mpaka uoneshwe kadi yake ya chanjo. Mbwa huchanjwa akitimiza miezi 3, na chanjo hurudiwa. Shirika la Afya Duniani hushauri pia watu ambao kazi yao huwakutanisha na hatari hii kila siku wachanjwe kabla ya kuumwa. Askari wa mbwa ni mmoja wao.

Halafu mpe mwajiri taarifa mapema, mbele ya shahidi au kwa maandishi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi inamtaka aliyeumia atoe taarifa ndani ya mwezi mmoja. Kuumwa na mbwa wa lindo wakati wa kazi ni ajali ya kazini kama kukatwa na mashine, na mtu asione aibu kuidai fidia yake.

MSHAHARA WA MTU NA CHAKULA CHA MBWA

Tumesema kwamba mbwa akilazimishwa kuwa mkubwa kabla ya wakati wake huharibika. Askari naye ana mipaka yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema saa za kazi ni 48 kwa juma, na hata zikiongezwa kwa mapatano, zisipite saa 10 kwa siku wala 56 kwa juma. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na sikukuu mara mbili. Askari anayefanya saa 12 usiku sita kwa juma amefika saa 72. Hebu kila mmoja apige hesabu yake.

Kima cha chini cha mshahara katika Uganda kiliwekwa mwaka 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kukiweka upya, lakini Rais hakuutia saini. Shilingi 6,000 leo hazimlishi Shepadi mmoja juma moja. Hatusemi mbwa ale kidogo. Tunasema kwamba mwenye mali anayejua kupima gramu za nyama ya mbwa anaweza pia kupima saa na shilingi za mtu anayemshika.

TUNAYODAI

Tunaomba makatibu wa matawi wayapeleke haya mbele ya waajiri katika mazungumzo ya mikataba, na askari wenyewe wayashike.

Kwanza, mbwa yeyote asitiwe kwenye zamu kabla ya miezi 18, na kadi yake ionyeshe tarehe ya kuzaliwa na chanjo zake.

Pili, askari apewe mbwa anayelingana na nguvu zake, na wafunzwe pamoja kabla ya kutoka. Askari asibadilishiwe mbwa jioni moja kama mtu anavyobadilishiwa tochi.

Tatu, buti, glavu, koti la mvua na kifunga mdomo cha mbwa vitoke kwa mwajiri bila malipo, kama Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inavyomtaka kuhusu vifaa vya kinga.

Nne, askari wote wa mbwa wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa kwa gharama ya mwajiri.

Tano, pikapu ziwe na ubao wa kupandia na kushukia. Ubao mmoja ni wa bei ndogo, nao huokoa nyonga za mbwa na mgongo wa askari anayembeba.

Sita, mbwa akiugua, daktari wa mifugo aseme kwanza. Mwajiri hana ruhusa ya kukata mshahara kama apendavyo.

Kwa wenzetu wa viwandani na mashambani tuna neno pia. Mnapopita getini alfajiri mkamkuta askari na mbwa wake, msimchokoze mnyama kwa mawe wala maneno, wala msimwone askari kuwa adui aliyewekwa kuwapekua. Yule ni mfanyakazi aliyekesha ili ninyi mkute mashine mahali pake. Anapodai saa nane, buti na chanjo, anadai mambo yale yale mnayodai ninyi kwenye chai, kwenye miwa na kwenye nguo. Askari ambao hawajajiandikisha katika chama chao wawaone makatibu wa matawi. Waje na kadi zao za kazi, na anayeongoza mbwa aje anajua umri wa mbwa wake.